Chrome, Opera au Brave? Jibu kwa mama wa steshenari

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la steshenari lenye kompyuta tatu. Mbili ni za zamani, Windows 7 na RAM ya GB 4, moja ina Windows 10. Tunawajazia wanafunzi maombi ya mkopo, tunawafungulia watu barua pepe, tunatuma maombi ya kazi, tunachapa. Chrome kwenye zile mbili ina mstari juu unaosema haitapata masasisho tena, na inakwama sana. Mpwa wangu anasema niiondoe kwa sababu inakula RAM na inaiba taarifa za watu, niweke Opera. Fundi wa jirani anasema Brave ndiyo salama na ndiyo yenye kasi. Kwenye simu natumia Opera Mini kuokoa bando, hata benki naingilia humo. Sasa mwezi uliopita mteja amerudi analalamika kuna mtu kaingia kwenye barua pepe yake, na mara ya mwisho aliifungulia kwangu. Nimekosa usingizi. Nitumie kivinjari gani?"

Dada yangu, pole. Umeuliza swali moja lakini humo ndani yamo manne: kasi, usalama, simu, na huyo mteja. Mpwa wako na fundi wanabishania jina la kivinjari, na ubishi wao una msingi wake, lakini kwa duka kama lako jina ni jambo la mwisho kuliangalia. Kinachokuumiza ni ule mstari unaousoma kila asubuhi na kuupita, pamoja na kitu ambacho hukukitaja kabisa: Chrome ya dukani kwako imekumbuka nini cha nani.

Nianze na ubishi wenyewe. Kivinjari, au brauza kama wengi tunavyosema, kina sehemu mbili. Kuna ile unayoiona: vitufe, rangi, mahali pa kuandikia anwani. Na kuna injini, inayopokea msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa ukurasa unaosomeka. Injini kubwa zilizobaki duniani ni tatu tu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla, ambayo ndiyo ya Firefox. Opera ilikuwa na injini yake iliyoitwa Presto, ikaiacha mwaka 2013. Microsoft nao walihangaika na ya kwao hadi Januari 2020, ndipo Edge ikahamia Chromium, mradi huria ambao Chrome yenyewe imejengwa juu yake. Brave imejengwa humo humo. Ni kama Coaster mbili, moja ya njano na moja ya bluu, kila moja na maandishi yake kwenye kioo cha nyuma. Fungua boneti: injini ile ile.

Sasa angalia hilo linakuhusu vipi. Google waliacha kuihudumia Windows 7 baada ya Chrome 109, iliyotoka Januari 2023. Kwa kuwa Opera, Brave na Edge wanaitegemea Chromium, nao wakaacha. Kwa hiyo mpwa wako akikuwekea Opera kwenye mashine zile mbili, au fundi akikuwekea Brave, watakachokuwekea ni toleo la zamani la umri ule ule. Utalala vizuri zaidi, na hatari itakuwa ile ile.

Kwa nini nasisitiza masasisho? Watu wengi wanadhani sasisho ni kuongezewa vitufe vipya au kubadilishiwa rangi. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuziba matundu. Kivinjari kinapokea msimbo kutoka kwa watu usiowajua na kuuendesha ndani ya kompyuta yako, kutwa nzima, kwa hiyo hakuna programu nyingine dukani inayokutana na wageni wengi kama hiyo. Tundu likigunduliwa, watengenezaji hulirekebisha, hutoa toleo jipya, kisha huweka wazi maelezo ya walichokirekebisha. Mwizi naye anasoma maelezo hayo. Kwa aliyesasisha, habari imekwisha. Kwa aliyebaki na toleo la Januari 2023, kila sasisho linalotoka kwa wengine linamwonyesha mwizi mlango ambao kwako bado uko wazi.

Hapo ndipo ushindani wa vivinjari unapokuwa na maana kwa mtu wa kawaida. Microsoft walipomshinda Netscape, kivinjari kilichotamba zamani, walitoa Internet Explorer 6 mwaka 2001, wakakaa hadi 2006 ndipo wakatoa ya 7. Miaka mitano. Hawakuwa na wa kumkimbia, wakajisahau, na virusi vikafanya karamu. Hali ilifika mahali ambapo Juni 2004 kitengo cha serikali ya Marekani cha dharura za kompyuta, US-CERT, kilitaja kutumia kivinjari kingine kuwa mojawapo ya njia za kujikinga. Firefox 1.0 ilitoka Novemba mwaka huo huo, Chrome ikaja Septemba 2008, na kasi ya kuziba matundu ikabadilika kwa kila mtu. Leo Chrome inashika karibu theluthi mbili ya matumizi duniani, na sisi tuliokuwepo enzi za Explorer tunapata kajihofu kidogo.

Kuhusu "inaiba taarifa", neno hilo ni kali mno, lakini mpwa wako hajaota. Google wanaishi kwa matangazo, na ukiingia na akaunti yako kwenye Chrome wanajua mengi kuhusu unakotembea. Walishitakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kuendelea kukusanya taarifa za watu waliodhani hali fiche (incognito) inawaficha, na kesi ikaishia mwaka 2024 kwa makubaliano ya kufuta rekodi hizo. (Hali fiche haikufichi kwa mtandao wa simu wala kwa tovuti unayoingia. Inachofanya ni kutoacha historia kwenye kompyuta hiyo.) Lakini hizo ni biashara za kukuuzia viatu. Aliyeingia kwenye barua pepe ya mteja wako ni mwizi wa aina nyingine, na tuna haja ya kutenganisha hayo mawili, maana ukimkimbia wa kwanza unaweza kumwachia mlango wa pili.

Tuje sasa kwenye zile mashine mbili. Njia ya haraka ni Firefox toleo la 115 ESR, yaani lile linalohudumiwa kwa muda mrefu. Lilitoka Julai 2023 na Mozilla waliendelea kulipatia viraka vya usalama kwenye Windows 7 muda mrefu baada ya wenzao kuondoka, wakisogeza mwisho wake zaidi ya mara moja. Kabla ya kuliweka, angalia kwenye tovuti ya Mozilla yenyewe kama bado linahudumiwa. Hata hivyo sikufichi: Windows 7 iliachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari kizuri juu yake ni kitasa kipya kwenye mlango ulioliwa na mchwa.

Mimi ningefanya hivi. Mashine moja ningeiondolea Windows kabisa na kuiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, ambalo ni la bure na GB 4 zinalitosha. Humo utapata Firefox na Chrome za leo, zinazosasishwa kama za mtu mwingine yeyote. Hiyo ndiyo iwe ya wateja wa intaneti. Ya pili ningeiacha na Windows 7 yake, nikachomoa intaneti moja kwa moja, ikabaki ya kuchapa, kuskani na kuandika. Faili ziende kwa flashi, na flashi zichunguzwe na programu ya kuzuia virusi kwenye ile ya Windows 10 kabla hazijaingia pale.

Linux ina karaha zake na afadhali uzijue mapema. Printa nyingine zinakubali mara moja, nyingine zitakusumbua hadi ukate tamaa. CV iliyoandikwa kwenye Word ukiifungua kwenye LibreOffice, programu inayoshika nafasi ya Word humo, inaweza kuhama mistari, na mteja anayewahi basi hataki kusikia maelezo. Ndiyo maana nasema isiwe mashine zote mbili. Njia ya kuzipandisha hadi Windows 11 isahau: inataka prosesa na kifaa cha usalama ambavyo kompyuta za umri huo hazina. Ile ya Windows 10 nayo, Microsoft waliacha kuihudumia kwa wote tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa nyongeza ya mwaka mmoja kwa anayejiandikisha. Kivinjari kilichomo bado kinasasishwa, kwa hiyo huna haja ya kukimbia leo, ila anza kuweka akiba.

Kwenye hiyo ya Windows 10, angalia kitu kimoja. Je, kuna alama pale juu kulia inayosema sasisho liko tayari? Chrome hulishusha sasisho yenyewe, lakini halianzi kazi mpaka uifunge yote na kuifungua tena. Maduka mengi nimekuta kompyuta inalazwa usiku na kuamshwa asubuhi, kivinjari hakijafungwa wiki tatu, na sasisho limekaa mlangoni linasubiri kukaribishwa. Kila ukifunga duka, funga na kivinjari.

Nakuja kwenye lililonitia wasiwasi zaidi. Kwenye kila kompyuta, fungua Chrome, bonyeza nukta tatu za juu kulia, ingia sehemu ya manenosiri. Niliwahi kufanya hivyo kwenye steshenari moja nikiwa nasubiri karatasi zangu zitoke, mwenye duka akiwa amesimama nyuma yangu. Orodha ilianza kuteremka: barua pepe, akaunti za mikopo, za maombi ya kazi, mitandao ya kijamii, majina ya watu asiowakumbuka. Nilichoka kusogeza kabla haijaisha. Kila mteja alipoulizwa na Chrome "Ungependa kuhifadhi nenosiri?", yeye au kijana wa duka alibonyeza ndiyo ili kisanduku kipotee machoni. Yule mama hakumwibia mtu hata senti, lakini yeyote aliyekaa kwenye kiti kile angeweza kuingia kwenye akaunti za nusu ya mtaa.

Na si aliyekaa kwenye kiti peke yake. Kuna programu haribifu ambazo kazi yake ni moja tu: kuingia kwenye Windows, kukomba manenosiri na vidakuzi (cookies, vifaili vinavyoifanya tovuti ikukumbuke) vilivyohifadhiwa kwenye kivinjari, na kuvituma kwa mwizi aliyezituma. Huchukua dakika chache. Google walianza kuongeza kinga dhidi ya hilo katikati ya 2024, kwa toleo la 127. La kwako la 109 halina. Na mara nyingi programu hizo zinaingia kwa mguu wetu wenyewe, ndani ya Windows au Office za kuvunjiwa leseni ambazo fundi anakuja nazo kwenye flashi. Samahani kwa mafundi, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo futa orodha yote. Kisha kwenye mipangilio hiyo hiyo zima kabisa ile huduma ya kujitolea kuhifadhi manenosiri. Halafu wafundishe vijana wako kitu kinaitwa hali ya mgeni. Bofya ile picha ya wasifu juu kulia, chagua mgeni, litafunguka dirisha jipya lisilo na historia wala akaunti ya mtu. Mteja afanye yake humo. Akimaliza, funga madirisha yote ya mgeni: vidakuzi vinafutika, akaunti inatoka, hata kama mteja alisahau kutoka mwenyewe, na wanasahau sana. Mteja mmoja, dirisha moja la mgeni. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani.

Dirisha la mgeni halifuti faili zilizopakuliwa, hilo ulijue. Fungua folda ya vipakuliwa leo jioni utaona mwenyewe: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, nakala za vitambulisho vya NIDA, barua za wadhamini zenye sahihi na namba za simu. Hivyo ni vya watu. Tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na anayepokea taarifa za watu kibiashara, hata akiwa na duka la mlango mmoja, inamhusu. Faili hizo zifutwe kila jioni, na pipa la taka la kompyuta limwagwe.

Kasi. Mwezi Machi 2024 watengenezaji wa Chrome, Safari ya Apple na Firefox walitoa kipimo cha pamoja, Speedometer 3, ili waache kila mmoja kujisifia kwa kipimo chake. Tofauti zinaonekana kwenye vipande vya sekunde. Kwenye mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, vipande hivyo vinamezwa hata hujaviona. Na hiyo "inakula RAM", yaani memori ya kazi ya kompyuta, ina sababu: Chrome inakiweka kila kichupo (tab) kwenye chumba chake ili tovuti moja ikiharibika au ikiwa na nia mbaya isichungulie ya jirani. Mwaka 2018 ilipogundulika kwamba prosesa zenyewe zina udhaifu wa kuvujisha siri, Google walikaza kuta hizo zaidi na kukiri kwamba memori itaongezeka kwa asilimia 10 hadi 13. RAM unayoiona ikiliwa, sehemu yake ni mshahara wa mlinzi.

Siku ikikwama, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha dogo lenye orodha ya kila kichupo na kila kiendelezi (kiprogramu cha nyongeza ndani ya kivinjari), na mbele yake memori kinayotumia. Bofya juu ya safu ya memori ili wakubwa wapande juu. Mara nyingi mlafi ni tovuti moja ya habari iliyojaa matangazo, au kiendelezi ambacho hakuna anayekumbuka kukiweka. Mchague, mwondoe. Viendelezi usivyovijua vifute kabisa, hasa vile vilivyoomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zote kwenye tovuti zote. Hivyo vinaona kila anachoandika mteja.

Hapa fundi wako nampa haki yake. Brave inazuia matangazo tangu unapoiwasha, na ukurasa usio na matangazo unafunguka haraka na kula bando dogo. Kwenye ile ya Windows 10 ni chaguo zuri tu. Firefox yenye uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, inafanya kazi hiyo hiyo, na mimi ndiyo ninayoitumia, kwa sababu Google walibadilisha kanuni za viendelezi na kizuizi hicho, katika umbo lake kamili, kikaacha kufanya kazi kwenye Chrome. Kampuni ya matangazo ikiwa ndiyo fundi wa mlango, usishangae mlango ukiyapendelea matangazo. Lakini kwa zile mbili, kama una pesa ya kununulia kitu kimoja, nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Hakuna kivinjari kitakachokupa tofauti utakayoiona siku SSD itakapowekwa.

Simu sasa. Opera Mini inaokoa bando kweli, na njia yake ni hii: ukiwa kwenye hali ya kubana zaidi, ukurasa hauji moja kwa moja kwako. Unakwenda kwanza kwenye seva za Opera, unafunguliwa kule, unasagwa, ndipo unaletewa unga. Ni sawa na kumpa mtu barua yako aisome akufupishie. Njia kutoka kwao hadi kwako imefungwa, lakini yeye kaisoma. Opera wenyewe waliwahi kueleza kwamba anayetaka usiri wa moja kwa moja kati yake na benki atumie kivinjari kamili. Basi endelea nayo kwa habari na matokeo ya mpira. Benki ingia kwa programu ya benki yenyewe, au kwa kivinjari kamili kinachosasishwa. Angalia pia toleo la Android la simu yako, kwani Chrome mpya tangu 2025 inataka Android 10 kwenda juu.

Amebaki mteja wako. Huenda akaunti iliachwa wazi kwako, huenda nenosiri lilihifadhiwa, huenda lilikuwa lile lile analotumia kila mahali na lilivuja kwingine, au alibofya kiungo cha ulaghai kwenye simu yake na duka lako halihusiki. Mpigie aje, na usingojee kujua kosa ni la nani. Aanze kwenye simu yake, si kwenye kompyuta zako: abadili nenosiri, afungue orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, aviondoe vyote, kisha awashe uthibitisho wa hatua mbili. Aangalie pia kama kuna namba au barua pepe ya urejeshaji asiyoifahamu, maana mwizi huacha ufunguo wa akiba hapo.

Kama kwenye kompyuta zako matangazo yanatokea hata kivinjari kikiwa kimefungwa, au ukitafuta kitu unapelekwa kwenye injini ya utafutaji usiyoijua na ukirekebisha inarudi, hapo usihangaike na maelekezo ya mbali kama haya. Chomoa intaneti, tafuta fundi unayemwamini, asafishe diski na kuweka mfumo upya kutoka kwenye nakala halali, ukiwa umekaa pembeni yake. Na kama barua pepe ya huyo mteja imeunganishwa na benki au akaunti ya pesa ya simu, apige huduma kwa wateja leo, kesho asubuhi awe tawini na kitambulisho chake. Hilo halimsubiri fundi.